Tai Mezani, Mabega Wazi Mtaani?

Katika meli za Cunard, usiku wa gala mwanamume hutakiwa avae suti na tai. Asiyetaka huelekezwa kumbi nyingine. Norwegian Cruise Line ilianzisha mwaka 2000 utaratibu wa abiria kuvaa apendavyo, lakini hata huko vazi la kuogelea haliingii ukumbi mkuu wa chakula. Abiria hubishana, kisha hutii. Ila mtalii wa meli anaposhuka Zanzibar na kuombwa afunike mabega na magoti Mji Mkongwe, wapo miongoni mwetu wanaolalamika kwamba tunafukuza watalii! Hoja hapa si uhuru, bali ni kanuni ya nani inayostahili kuheshimiwa. Je, ukumbi wa chakula una hadhi kuliko mtaa wenye misikiti na watoto? Watumishi wa umma, simamieni kanuni hii bila kuomba radhi. Mkataa kwao ni mtumwa.