BOSSLADY WA "KILA KITU BUKU" NA WADADA WA BUKU TATU

Mjini Lindi yupo dada mmoja, jina kapuni, ambaye mtandaoni wanamwita bosslady na wafuasi wake wanamkubali kinoma. Siku anafungua duka la pili kulikuwa na MC, spika za kupasua masikio, keki, na staa wa Bongo Fleva aliyekuja kukata utepe. Mabakuli, vibanio vya nywele, vindoo, chaja za simu, vyote buku. Watu wakajaa mpaka barabarani.

Kwenye picha hizo hizo, nyuma ya keki, wamesimama wadada wanne wenye tisheti za duka. Hao hawakutajwa popote. Wanaowafahamu wanasema kila mmoja anaondoka na buku tatu kwa siku, chakula anajitegemea. Wanaingia saa mbili asubuhi, wanatoka saa mbili usiku. Hesabu ikipungua jioni, shoti wanakatwa wote, aliyekosea na asiyekosea.

Wateja wanalipenda duka, na wana haki. Mama wa Kilwa Kivinje anayeuza pweza haokoti hela. Bakuli la buku badala ya buku mbili ni mboga ya kesho. Kwa hiyo kumsema bosslady kwa sababu anauza rahisi ni wivu tu. Swali ni moja: huo urahisi unatoka wapi?

Sehemu kubwa inatoka kwenye mzigo. Mali ya China ukiichukua Kariakoo kwa katoni nyingi, bei inashuka. Faida ya kila bakuli ni kiduchu, ila mabakuli ni mengi. Mchezo huo aliucheza Sam Walton tangu 1962 alipofungua Walmart ya kwanza kule Arkansas, na leo kampuni ina wafanyakazi kama milioni 2.1 duniani. Hata Dar ilifika kwa mlango wa nyuma: 2011 ilinunua hisa nyingi za Massmart ya Afrika Kusini, wenye maduka ya Game, kabla Game hawajafunga virago Afrika Mashariki 2022.

Shida ni kwamba bei ya mzigo ikishabanwa mpaka mwisho, kinachobaki kubanwa ni mshahara. Ripoti ya 2020 ya GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, iliikuta Walmart miongoni mwa waajiri wenye watu wengi wanaopokea msaada wa chakula wa serikali. Yaani kampuni inalipa kidogo, serikali inaziba pengo.

Muuza duka wa Lindi haokolewi na msaada wa namna hiyo. Anayeziba ni mama yake, shangazi anayempa pa kulala, au "mtu wake" ambaye naye atadai chake kwa njia nyingine. Kila bakuli la buku likitoka dukani, familia ya yule mdada imechangia bila kuulizwa.

Twende kwenye hesabu. Amri ya Mshahara iliyoanza Januari 2023 iliweka 150,000 kwa mwezi kuwa kima cha chini kwa kazi za biashara na viwanda, kwa wiki ya saa 45. Hiyo ni kama shilingi 769 kwa saa. Buku tatu kwa saa 12 ni shilingi 250 kwa saa, haifiki hata theluthi. Na amri mpya iliyoanza Januari 2026 imepandisha kima cha chini cha sekta binafsi kwa wastani wa asilimia 33.4, kwa hiyo pengo limezidi.

Sasa chukua duka linalouza vitu 600 kwa siku. Wadada wanne wakilipwa hata hiyo 769 kwa saa zote 12, ukiacha nyongeza ya ovataimu, bosi anaongeza kama 25,000 kwa siku. Gawa kwa vitu 600: shilingi 42 kwa kila kitu. Arobaini na mbili!

Bosi naye ana yake. Kodi ya fremu inamsubiri, TRA wanamsubiri, na msimu wa ufuta na korosho ukipita mzunguko wa Lindi unalala. Mei 2024, mafuriko na kimbunga Hidaya vilipokata barabara pale Somanga, mzigo wa Dar haukupita. Hayo ni kweli. Lakini siku ambayo duka halifunguki, mdada halipwi, na siku ambayo duka limefurika, bado ni buku tatu ile ile. Hasara wanagawana, faida hapana. Huo si umaskini wa biashara, ni mazoea.

Julai 2025 serikali ilipiga marufuku wageni kufanya biashara ya rejareja, supamaketi zikaachwa nje ya katazo. Wazawa wakashangilia, na ni haki yao. Ila mzawa akishalindwa dhidi ya mgeni, nani anamlinda mdada dhidi ya mzawa?

Sheria ipo tayari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu shoti ya kukatana kienyeji. Lazima kosa liwe la mfanyakazi mwenyewe, aelezwe kwa maandishi, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Mkataba wa maandishi kama haupo, mwenye mzigo wa kupinga anachodai mfanyakazi ni mwajiri. Ukifukuzwa una siku 30 kwenda CMA, kwa madai mengine siku 60. Wadada wengi wanayajua haya wakiwa wameshachelewa.

Na nyie mastaa wa kukata utepe, kabla hamjachukua bahasha, ulizeni wale wenye tisheti wanalipwa ngapi. Swali hilo halimalizi dakika, na bosslady anayejua ataulizwa mbele ya kamera atajipanga mapema.

Duka la tatu, inasemekana, linafunguliwa Kilwa Masoko. Wewe mdau, bakuli likiuzwa 1,050 ili mdada alipwe haki yake, ungenunua au ungepita?