Prosesa Ikichemka, Usikimbilie Kununua Nyingine

Leo naomba tuongee juu ya joto. Si joto la siasa, hilo mnalipata kila mahali. Nazungumzia joto la kompyuta, na hasa tabia moja inayoniudhi: mashine ikichemka tu, mwenyewe anaambiwa prosesa imeungua, tafuta nyingine.

Mashine yangu ya kazi ilianza kusuasua mwezi uliopita. Kukompaili programu moja iliyokuwa ikichukua dakika 6 kukawa kunakula dakika 20, na mara mbili mashine ikajizima. Fundi mmoja hapa mjini akaifungua, akaitazama, akasema prosesa na madabodi vyote vimekwisha. Bei aliyonitajia ingelipa karo ya mtoto muhula mzima. Na hakuwa amepima chochote! Hakuna hata nambari moja aliyonionyesha.

Hapo ndipo ninapopinga. Dereva wa matatu akipanda kutoka Mai Mahiu kurudi Nairobi na gari likachemka, hanunui injini. Anaangalia maji, rejeta, pampu na feni. Kompyuta yenye kipoozaji cha maji ni vivyo hivyo. Juu ya prosesa hukaa bamba la shaba, na kwa kawaida pampu ndogo iko papo hapo. Pampu inasukuma maji yenye dawa ya kuzuia kutu yapite kwenye mipira miwili hadi kwenye rejeta, feni zinapuliza, na maji yaliyopoa yanarudi. Kati ya prosesa na bamba kuna ile pesti ya kijivu ya kupitisha joto.

Kwa hiyo washukiwa wa kwanza ni wanne: pesti, pampu, maji na feni. Prosesa yenyewe ni mshukiwa wa mwisho, kwa sababu ina ulinzi wake. Prosesa nyingi za Intel hupunguza kasi zenyewe zinapokaribia nyuzi 100, na joto likizidi hapo huizima mashine. Kule kusuasua si kufa, ni kujiokoa.

Tena nambari kubwa peke yake si ugonjwa. AMD walipotoa Ryzen 7000 mwaka 2022 walisema wazi kwamba prosesa kubwa za familia hiyo kufika nyuzi 95 zikiwa na kazi nzito ni jambo la kawaida. Na wewe uliyeko Mombasa usilinganishe joto lako na la mtu wa Limuru: chumba kikizidi kingine kwa nyuzi 10, karibu zote 10 zinakwenda kuongezeka kwenye prosesa.

Kinachosema ukweli ni mwendo wa joto. Kwenye Linux tumia amri ya sensors, kwenye Windows kuna HWiNFO. Andika joto mashine ikiwa imetulia, kisha ipe kazi nzito huku ukitazama saa. Halafu gusa mipira na rejeta, kwa uangalifu.

Joto likipanda polepole kwa dakika 10 hivi, na rejeta ikawa moto mkononi, basi maji yanazunguka ila hayapozwi. Tafuta vumbi au feni iliyokwama.

Likiruka ndani ya sekunde chache, na kazi ikikoma likaanguka upesi vilevile, huku rejeta ikiwa na uvuguvugu, shida iko kwenye mgusano. Pesti imekauka, au skrubu zimelegea.

Likiruka, kisha kazi ikikoma likawa linashuka kwa kusitasita, na rejeta ikabaki baridi wakati bamba linaunguza, maji hayatembei. Pampu imekufa au njia zimeziba. Zima mashine, usiendelee kuitesa.

Yangu ilitoka nyuzi 58 hadi 99 kwa sekunde 8, rejeta baridi kabisa. Kwenye BIOS kasi ya pampu ilisomeka 0. Nikahamisha waya wa pampu kwenye tundu jingine, maana huenda tundu ndilo bovu, bado 0. Mwenzangu akaniazima kipoozaji cha kawaida cha feni, nikapaka pesti mpya, nikarudia kazi ileile. Joto likasimama kwenye 81, na dakika 20 zikarudi kuwa 6. Prosesa iliyohukumiwa kifo ilikuwa nzima!

Sasa mtaniuliza, je, vipoozaji vya maji ni vibaya? La. Prosesa inayokula zaidi ya wati 200 inavihitaji, au inahitaji chuma kikubwa sana. Lakini vingi vimefungwa kabisa. Maji hupenya kwenye mipira kidogo kidogo kwa miaka, hewa inachukua nafasi yake, na wewe huoni kitu. Mwaka 2022 kampuni ya Arctic ilitangaza kwamba mpira wa kuzibia kwenye baadhi ya Liquid Freezer II ungeweza kusababisha kutu ndani, ikawapa wateja vifaa vya kubadilisha bure. Iliwezekana kwa sababu kile kinafunguka. Vingapi vinafunguka?

Kwa wengi wetu, maoni yangu ni haya: chuma na feni vinatosha. Feni ikifa unaiona imesimama, unashuka Luthuli Avenue, unarudi na nyingine, na prosesa inaendelea na kazi. Mimi sikununua pampu ya pili.

Kwa mafundi nina ombi moja. Tozeni pesa za kupima! Nusu saa ya fundi anayejua kupima ni kazi halali, na nitailipa bila kunung'unika. Nisichokubali ni kulipia vipuri vya kubahatisha. Na wewe mteja, ukiambiwa prosesa imeungua, usibishane. Uliza tu: ilikuwa nyuzi ngapi ikiwa imetulia, ikafika ngapi, kwa muda gani, na rejeta ilikuwaje? Asiyeweza kujibu hayo hajapima, na asiyepima hana haki ya kukutajia bei.