Maua ya Kitulo: Chukua Mbegu, Acha Mzizi



Wiki iliyopita mama mmoja mwenye nyumba ya wageni huku Makete alinipigia simu. Vijana walimletea okidi za porini ndani ya kiroba, na udongo wake, akazinunua. Akaniuliza, "Bwana shamba, hizi nizipande na mbolea gani?"

Nikamwambia ukweli, ingawa haukumfurahisha: mama, hizo hazitakaa. Hata zikichanua mwaka huu, usizitegemee mwaka kesho kutwa.

Najua kwa sababu na mimi nilifanya kosa hilohilo. Nilipoanza kazi, kabla Kitulo haijawa hifadhi, nilichimba okidi nne nikazipanda mbele ya nyumba. Zilichanua, nikatamba. Mwaka uliofuata ziliota mbili. Mwaka wa tatu palibaki udongo mtupu. Nilidhani samadi haikutosha, kumbe tatizo lilikuwa mimi.

Okidi ya ardhini haiishi kama kabichi. Mbegu yake ni kama vumbi, haina akiba ya chakula iliyomo kwenye punje ya mahindi. Ili iote lazima ikutane na fangasi fulani wa udongoni wanaoilisha. Ndiyo maana huwezi kuimwaga tu kitaluni ukasubiri. Na ukichimba kiazi chake, umeondoa mmea mzima, mara nyingi kabla haujaacha mbegu.

Kitulo ni tambarare ya baridi iliyo mita zipatazo 2,600 juu ya usawa wa bahari. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, hasa kwa ajili ya maua yake, na okidi peke yake zimehesabiwa aina zipatazo 45. Lakini jembe lilishafika huko zamani. Viazi vya okidi vya nyanda hizi vimechimbwa miaka mingi na kuvushwa mpaka kwenda Zambia, vikatengenezewe chikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi hivyo vilivyosagwa pamoja na karanga. Mahitaji hayo yakiongezewa na ya sisi wapenda bustani, jamani, kitabaki nini?

Wapo wanaosema maua ni tele, hayawezi kuisha. Mimi nawauliza wazee wanaokumbuka ni mabonde gani yalikuwa yakichanua walipokuwa watoto. Wenyewe watakuonyesha.

Hata hivyo siwalaumu vijana wale peke yao. Sisi maafisa ugani tumewaachia askari wa hifadhi kazi yetu. Tunafundisha viazi, pareto na tufaha, lakini maua ya kwetu hatuna kitalu hata kimoja cha mfano. Mtu akitaka uzuri wa Kitulo nyumbani, tumemwachia njia moja tu: jembe. Lawama hiyo naichukua mimi kwanza.

Sasa basi, njia nyingine ipo. Anza na kinifofia, lile ua refu kama mwenge, jekundu juu na njano chini, ambalo ndege chozi hulifuata kunyonya utamu wake. Jamaa zake kutoka Afrika Kusini wamepandwa kwenye bustani za Ulaya kwa zaidi ya miaka 200. Sisi tulio kwao tunashindwaje?

Fanya hivi:

1. Usiguse kitu ndani ya hifadhi, hata mbegu. Tafuta maua yaliyo nje, kwenye kingo za mashamba, kwa ruhusa ya mwenye eneo. Chukua mbegu za mashina machache, nyingi ziache.
2. Vuna vikonyo vikishakuwa vya kahawia, kabla havijapasuka.
3. Sia kwenye udongo laini uliochanganywa na mchanga. Funika kidogo sana. Uwe na unyevu, usiwe tope.
4. Miche ikipata nguvu, ihamishie penye jua, nusu mita kati ya mche na mche. Maji yakituama, shingo ya mmea inaoza.
5. Msimu wa sakitu usikate majani makavu. Yaache yafunike moyo wa mmea.
6. Uwe na subira. Ua la kwanza huja mwaka wa pili au wa tatu. Shina likishakuwa kubwa, ligawe mwanzoni mwa mvua umpe jirani.

Yule mama amekubali kunipa kona ya uwanja wake tuanzishe kitalu, na amewaita vijana walewale waje wakihudumie. Kama miche itapona, watakuwa na kitu cha kuuza bila kujificha, mwaka hadi mwaka. Kama haitapona, nitawaambia hapahapa tulipokosea.

Okidi tuziache huko juu. Ukizitaka, panda gari mwezi wa kwanza au wa pili, ukaziangalie zikiwa kwao.