Tusiufiche Ufa wa Dari



Wasomaji wetu watukufu, juma hili twazungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hulitazama tulalapo chali kitandani, kisha tukageuka upande wa pili tukasinzia. Nalo ni ufa ule mwembamba upitao juu kabisa ya ukuta, pale ukuta unapokutana na dari.

Twaanza na kosa letu wenyewe. Mwaka juzi, siku chache kabla ya Ramadhani, tulitaka nyumba ipendeze. Chumbani kwa wajukuu palikuwa na ufa wa namna hiyo. Tulikoroga saruji, tukaipaka juu juu, tukapitisha rangi, tukajiona mafundi. Ahali yetu alituuliza, "Sheikh, umeuziba au umeufunika?" Tulicheka. Masika yalipokolea, kipande cha plasta chenye ukubwa wa sinia kilidondoka mchana juu ya kitanda cha watoto. Alhamdulillahi, walikuwa chuoni.

Mwashi alipokuja hakuugusa ufa kwanza. Alipanda juu ya paa, akakuta tundu la msumari lililopanuka, maji yakipenya na kushuka polepole hadi kichwani mwa ukuta. Ufa ulikuwa ukitupa habari, nasi tuliunyamazisha.

Si kila ufa wa dari ni wa maji. Ukuta wa jiwe hutulia mahali pake. Dari ya mbao hufura kwa unyevu wa mvua na kunywea wakati wa kaskazi, na bati lililo juu yake huwaka mchana na kupoa usiku. Viwili vyenye tabia mbalimbali vikikutana, pale pa kuungana ndipo pa kuachania. Ufa wa aina hii, mwembamba kama unywele, mara nyingi si wa kutisha.

Basi tufanyeje? Kwanza, tutafute maji: paa, mabomba, na tangi lililo juu. Pili, tuchore alama ya penseli kwenye ncha za ufa, tuandike tarehe, tusubiri miezi miwili. Usiporefuka wala kupanuka, na pakawa pakavu, tuuzibe. Tatu, tuupanue kidogo kwa ncha ya kisu au patasi, tutoe vilivyolegea, tupige burashi vumbi lote, maana hakuna kinachoshika juu ya vumbi.

Kisha tutazame nyumba ni ya namna gani. Nyumba za kale za Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Chokaa ni laini, na huuacha unyevu utoke. Saruji ngumu ikitiwa hapo hufungia unyevu ndani, mwisho hubanduka pamoja na ngozi ya ukuta. Chokaa kizibwe kwa chokaa: sehemu moja kwa sehemu tatu za mchanga uliooshwa, kwa tabaka nyembamba, juu ya ukuta ulionyunyiziwa maji. Mchanga wa pwani usiooshwa una chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Watoto wakae mbali, kwani chokaa huunguza macho.

Kwa dari ya bodi za jipsamu, hubandikwa utepe wa wavu juu ya ufa, hupakwa jipsamu mara mbili au tatu, kisha msasa. Kwa dari ya mbao inayojongea, hutiwa kijazio chenye kuvutika kama mpira, kile kinachokubali rangi. Au hupigiliwa ubao wa pembeni ulioshikwa na ukuta peke yake, ili dari icheze nyuma yake.

Lakini ufa ukiingiza sarafu, ukishuka kimshazari hadi kwenye dirisha, milango ikianza kukwama, dari ikibonyea, au boriti ikitoa unga na kulia tupu igongwapo, hiyo si kazi ya mwiko wetu. Tuhamishe vitanda, tumwite mjuzi.

Neno la mwisho ni kwa wenye nyumba za kuuza na kupangisha. Kupaka rangi ili mgeni asione ufa ni ghushi. Mafakihi wamempa mnunuzi khiyari ya kurudisha kitu akigundua aibu aliyofichwa. Je, mama aliyelaza mtoto chini ya dari hiyo atarudishiwa nini?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi twaongeza kwamba kuufunika si kuuziba. Na enyi waume, mkiambiwa na wake zenu kwamba ufa umerudi, msicheke kama tulivyocheka sisi.

Wabillahi tawfiq. Tukutane juma lijalo, inshaallah.