Wito: Kila Mtu Nyumbani Avijue Vifaa vya Nyumba

Ndugu mwananchi, intaneti ikikatika nyumbani kwako wakati wewe uko safarini, nani anajua la kufanya? Kamera ya getini ikiacha kuonyesha picha, bibi aliyebaki na wajukuu atamuuliza nani?

Nyumba zetu zimebadilika. Ruta iko sebuleni, runinga inataka intaneti, kamera inalinda geti, na ziko balbu zinazowashwa kwa simu. Ni maendeleo, tuyapokee. Lakini katika nyumba nyingi anayevielewa vifaa hivi ni mtu mmoja tu. Akitoka, ametoka na ujuzi wote. Wito wangu ni huu: ujuzi huo tugawane.

Tumewahi kufanya hivyo. Mwaka 2024 mita za umeme wa kulipia kabla, Luku kwa Tanzania na tokeni kwa Kenya, zilitakiwa kuboreshwa kabla ya 24 Novemba. Mfumo wa tokeni za mita hizo ulikuwa ukihesabu dakika tangu mwaka 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inajaa. Mteja aliingiza kwanza mafungu mawili ya tarakimu 20, ndipo akaingiza tarakimu za umeme alionunua. Kila aliyesimama kwenye mita ya jirani mzee akamsomea tarakimu zile polepole, alitenda jambo jema. Moyo huo huo tuupeleke kwenye vifaa vingine.

Kifaa kikigoma, tuanzie wapi? Tuanzie kwenye umeme. Taa yake inawaka? Plagi imekaa vizuri? Swichi ya ukutani imewashwa? Balbu ya kuwasha kwa simu haiwezi kupokea amri ikiwa mtu amezima swichi ukutani kwa mazoea. Haijaharibika, imekosa umeme tu. Basi dada wa kazi, watoto na wageni waelezwe mapema, kwa upole.

Umeme ukiwepo, tuangalie intaneti. Je, bando limeisha? Simu nyingine hapo nyumbani inapata mtandao? Kama haipati, chomoa ruta, subiri kama nusu dakika, ichomeke tena, kisha uipe dakika chache itulie. Na ruta yenyewe umeiweka wapi? Ikifichwa nyuma ya runinga au ndani ya kabati la chuma, mawimbi yake hudhoofika. Iweke mahali pa juu, pa wazi, karibu na katikati ya nyumba.

Kifaa kipya kinakataa kuunganishwa? Ruta nyingi za sasa zina mawimbi ya aina mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Balbu, plagi na kamera nyingi za bei nafuu hupokea yale ya 2.4 peke yake, ambayo pia hupenya kuta vizuri zaidi. Chagua hayo kwenye simu yako unapounganisha, na mara nyingi kazi itakuwa imekwisha.

Je, vifaa vyote vimepotea mtandaoni kwa pamoja? Jiulize kama kuna mtu amebadilisha neno la siri la ruta. Kila kifaa bado kinatumia lile la zamani, kwa hiyo kipewe jipya, kimoja baada ya kingine.

Kamera inakusumbua usiku kwa tahadhari zisizo na sababu? Kaitazame kabla ya kumwita fundi. Utando wa buibui mbele ya kioo hung'aa kwa mwanga wa kamera usiku, na kila unapotikisika kamera hudhani kuna mtu. Kitambaa laini kinatosha.

Umeme ukikatika, tuchomoe vifaa. Unaporudi huweza kuja kwa nguvu isiyo ya kawaida na kuunguza runinga au ruta. Tusubiri utulie ndipo tuwashe. Na kifaa kikitoa harufu ya kuungua, tusikifungue wenyewe. Tukate umeme, tumwite fundi.

Sasa niwaombe jambo moja zaidi. Neno la siri la kamera yako ni lile lile lililotoka kiwandani? Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai ilijaribu orodha fupi ya maneno ya siri ya kiwandani, ikaingia kwenye kamera na ruta nyingi duniani. Oktoba mwaka huo vifaa hivyo, vilivyokuwa majumbani na ofisini mwa watu wasiojua lolote, vilitumika kuangusha tovuti kubwa kama Twitter na Netflix kwa saa kadhaa. Kubadilisha neno la siri ni kujilinda, na ni kuwalinda wenzetu pia. Masasisho ya kifaa nayo tuyakubali yanapokuja, kwa kuwa mara nyingi huziba matundu ya namna hiyo.

Fundi mwenzetu, unapomaliza kufunga kamera, mwachie mwenye nyumba neno lake la siri na umfundishe kulibadilisha. Muuzaji, mweleze mnunuzi mawimbi ambayo kifaa chake kinapokea kabla hajalipa. Wewe wa ofisini unayevijua vifaa hivi, mwelekeze mhudumu na mlinzi. Wao ndio hubaki navyo sisi tukishaondoka.

Na nyumbani je? Tafuta daftari dogo. Andika jina la mtandao wenu, namba ya simu ya kampuni inayowapa intaneti, namba ya fundi mnayemwamini, na hatua za kufuata: umeme, intaneti, zima na washa, kisha fundi. Maneno ya siri yaandikwe kwenye karatasi ya peke yake, ihifadhiwe pamoja na nyaraka muhimu, na watu wazima wa nyumba wajue ilipo.

Jioni hii mwite mmoja wa nyumbani ambaye hajawahi kugusa ruta. Mwache aizime na kuiwasha kwa mkono wake mwenyewe. Kesho na yeye amfundishe mwingine.