Sungura wa Beatrix Potter Ana Babu

Mgala muuwe na haki umpe. Beatrix Potter, aliyezaliwa London mwaka 1866, alijaaliwa mkono wa kuchora na ulimi usiopoteza neno. Tarehe 4 Septemba 1893 alimpelekea mtoto mgonjwa, Noel Moore, barua yenye picha za sungura. Barua hiyo ikazaa The Tale of Peter Rabbit: nakala 250 alizozichapisha kwa fedha zake mwaka 1901, kisha toleo la kampuni ya Frederick Warne mwaka 1902. Kitabu ni kizuri. Kinachopingwa hapa ni ile dhana kwamba sungura huyo amezuka mwenyewe katika bustani ya Kiingereza. Baba yake, kitabu chenyewe chakiri, alitiwa katika pai na Bi. McGregor. Je, babu yake ni nani?

Babu yake yuajulikana. Kati ya 1893 na 1896, miaka ile ile ya barua, Potter alichora picha nane za hadithi za Uncle Remus. Joel Chandler Harris alizisikia hadithi hizo kwa Waafrika waliotiwa utumwani katika shamba moja la Georgia, Marekani, akaanza kuzitoa kitabuni mwaka 1880. Shujaa wao ni Brer Rabbit, mnyonge awashindaye wenye meno kwa akili. Huiba, hunaswa, huponyoka. Peter naye afanya nini kwa Bwana McGregor? Na The Tale of Benjamin Bunny, cha 1904, chataja hata tumbaku ya sungura, jina la mmea wa kusini mwa Marekani, ambalo Potter alilivisha mmea mwingine.

Mwaka 2023 Emily Zobel Marshall, mtaalamu wa Leeds Beckett University, alipolieleza deni hilo, walizuka wa kumjibu kwamba hadithi haina mwenyewe. Maneno matamu! Lakini mwaka 1903 Potter alimsajili mwanasesere wa Peter ili asiigwe. Na kampuni ya Warne iliposahau kusajili haki za kitabu Marekani, wachapishaji wa huko wakakitoa bila ya idhini, na hadi leo jambo hilo husimuliwa kuwa ni dhuluma. Basi hadithi ina mwenyewe ikiwa kalamu ni ya London, na haina mwenyewe ikiwa mdomo ni wa mtumwa? George Terrell, mmoja wa waliomsimulia Harris, hakupata hata herufi moja katika majalada ya Peter.

Watu wa visiwani wasidhani kesi hii ni ya ng'ambo. Mwaka 1901 huo huo George W. Bateman alichapisha Chicago Zanzibar Tales, na humo Sungura wa Unguja amo mbuyuni, ala asali ya Simba, na kwa hila aponyoka. Haisemwi kwamba huyu ndiye aliyemzaa yule wa Georgia. Ukoo wao ni mmoja, hilo latosha.

Kuazima si aibu. Washairi wote huazima. Aibu ni kuuficha mkono uliokupa. Kwa hivyo yeyote atakayemleta Peter katika Kiswahili na autaje ukoo huo katika ukurasa wa mwanzo, kabla ya picha ya kwanza. Asifuye tui na amtaje mkwezi.