Refa Mchanga na Kosa Lake la Pili

Refa mchanga wa mpira wa kikapu huchekwa kwa mambo mengi, na mengi kati ya hayo hayastahili hata kicheko. Hupuliza filimbi, mkono ukaelekeza upande usio wake. Huita rafu, akafika mbele ya meza ya waandishi wa pointi akiwa ameisahau namba ya mchezaji. Hupuliza mpira ukiwa hewani unaelekea golini, kisha asijue kama pointi zihesabiwe au zifutwe. Haya ni makosa ya mikono na ya haraka. Huponywa na mechi kadhaa na mzee mmoja mwenye subira.

Lililo zito kidogo ni kosa la macho. Mgeni wa kazi hii huufuata mpira kama mtoto afuataye tiara, kumbe viwiko hupigwa na fulana huvutwa mahali ambapo mpira haupo. Jambo hili halikugunduliwa jana. James Naismith, mwalimu mzaliwa wa Kanada aliyeubuni mchezo huu mwaka 1891 huko Springfield, Massachusetts, aliuwekea kanuni 13, na ndani yake akaweka wasimamizi wawili: mmoja mwamuzi wa watu, mwingine mwamuzi wa mpira. Nami nimeona mashindano ya shule ambamo refa wa pili yumo kwenye ratiba tu, uwanjani hayumo. Kijana wa watu anakabidhiwa filimbi peke yake aone kote, halafu anazomewa kwa kuwa hakuona kote.

Lakini sikushika kalamu kwa ajili ya hayo. Nimeishika kwa ajili ya kosa la pili, lile ambalo refa mchanga hulitenda kwa makusudi ili kulipia la kwanza, na ambalo wakubwa wake humfundisha kwa kumnong'oneza wakati wa mapumziko: "Wale umewaonea. Kipindi kijacho warudishie." Wenyewe hukuita huko kusawazisha. Mimi nakuita dhuluma, wala sioni jina la upole zaidi.

Nilishuhudia mechi ya wasichana wa sekondari. Majina ya shule nayaacha. Refa alikuwa mwanachuo wa ualimu, mgeni kabisa wa filimbi. Mapema alimwandikia rafu mlinzi aliyekuwa amesimama wima, miguu imetulia, akagongwa kifuani na mshambuliaji. Uwanja ukachafuka. Katika robo ya mwisho, binti mmoja wa timu iliyokuwa imenufaika, aliyekwisha kuwa na rafu nne, alinyoosha mkono kuzuia pasi. Nilikuwa nimekaa hatua chache tu kutoka hapo. Mkono ule haukumgusa mtu. Filimbi ikalia: rafu ya tano, na mwenye rafu tano hutoka asirudi. Binti hakubishana. Alikwenda kukaa mwisho wa benchi, akajifunika taulo kichwani. Baada ya mechi mwalimu mmoja, mtu mzima na mvi zake, akampiga yule kijana begani akamwambia, "Sasa umekuwa refa."

Watetezi wa mtindo huu wana hoja yao: kila timu imeonewa mara moja, basi ngoma droo. Hiyo ni hesabu ya daftari la mkopo. Yule mlinzi wa kwanza hakurudishiwa chochote, rafu yake ingali imeandikwa. Na huyu wa pili hakumkosea mtu. Waliodhulumiwa walikuwa mmoja, sasa ni wawili. Isitoshe, makocha si wajinga. Wakishajua kwamba refa hulipa madeni, watapiga kelele kwa kila filimbi, hata ya haki, ili wajiwekee akiba ya robo ya mwisho. Na refa mwenyewe je? Kosa la kwanza hakuliona. La pili aliliona, akalitenda.

Kitabu cha kanuni cha FIBA hakijui fidia. Kinajua kusahihisha. Mitupo huru ikitolewa isivyostahili, au ikinyimwa anayestahili, au ikitupwa na mchezaji asiye wake, marefa wanaruhusiwa kurudi nyuma, lakini ndani ya nafasi fupi iliyowekewa mpaka. Pointi au muda ukiandikwa vibaya mezani, hurekebishwa wakati wowote kabla refa mkuu hajatia saini karatasi ya mchezo. Rafu iliyotolewa kwa kukosea kuona, kama ile ya mlinzi, haimo katika orodha hiyo. Ni chungu, nakubali. Hata hivyo filimbi inayofuata ni ya tukio linalofuata, si ya jana wala ya robo iliyopita.

Husemwa pia kwamba refa akikiri atadharauliwa. Mimi nimeona kinyume chake. Kocha aliyekuja amefura, akaambiwa kwa sauti ya chini, "Ile niliikosa, mwalimu," mara nyingi hukosa la kuongeza. Hunung'unika akarudi benchi. Anayedharauliwa ni yule ambaye kila mtu uwanjani anajua anatafuta mahali pa kulipia.

Basi, wakuu wa shule na maofisa michezo mnaopanga marefa: mpeni kijana refa mwenzake, awe uwanjani kweli, si kwenye karatasi. Na wakati wa mapumziko mpelekeeni maji ya kunywa, kisha mkakae mbali naye.